Anateswa na nani?

Kazi yangu ni kutafsiri nyaraka. Nina meza moja, kompyuta moja na printa moja katika chumba kidogo kilicho juu ya duka la vitambaa, si mbali na Digo Road hapa Mombasa, na wengi wanaopanda ngazi zile huniletea vyeti vya ndoa, talaka za kadhi, wosia na barua za urithi, yaani karatasi ambazo mwanzo wake na mwisho wake naujua hata kabla sijazikunjua. Mwezi wa Aprili mwaka 2025, siku chache baada ya Idi, alipanda mama mmoja wa Kisauni akiwa na bahasha ya kaki na simu aliyoazima kwa mjukuu wake. Alikaa, akajipepea kwa ncha ya mtandio wake, akaniambia kwamba wakili wa mwanawe aliyeko Marekani anataka maelezo yake kwa Kiingereza, yawe yameapwa mbele ya kamishna wa viapo, kuhusu hali ya kijana huyo na mambo yaliyompata hapa kabla hajasafiri. Kijana ameomba hifadhi ya ukimbizi.

"Hifadhi kwa sababu gani, mama?" nilimuuliza, nikidhani ni mambo ya siasa.

"Maradhi ya kichwa, mwanangu," akanijibu.

Ninayaandika haya kwa idhini yake, nami nimebadilisha mambo machache ambayo yangeweza kumtambulisha yeye au kijana wake. Ninayaandika kwa sababu tangu siku ile nimetafsiri maelezo mengine mawili yanayofanana na yake, na kila mara nimejikuta nikipambana na vitenzi vyetu kuliko nilivyopambana na sheria za watu.

Sisi tuliokulia Mombasa katika miaka ya 1990 tulilijua neno mkimbizi kwa macho. Mkimbizi alikuwa ni Utange, ambako Wasomali waliokimbia vita baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka mwaka 1991 waliishi katika mahema na vibanda, mpaka kambi za pwani zilipoondolewa. Mkimbizi alikuja kwa jahazi, akiwa na watoto na sufuria. Kwa hiyo mama yule hakuelewa, na wala simlaumu, ni vipi mwanawe aliyepanda ndege akiwa na begi jipya na viatu vilivyopigwa rangi, akaenda kwa dadake huko Maryland kwa viza ya matembezi, anaweza kuitwa mkimbizi. Nilijaribu kumweleza. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951, pamoja na Itifaki ya mwaka 1967 ambayo Marekani iliiridhia mwaka 1968 na kuiingiza katika sheria yake ya wakimbizi ya mwaka 1980, hauangalii umekuja kwa chombo gani. Unaangalia kama una hofu yenye msingi ya kuteswa kwenu, na kama mateso hayo yanatokana na mojawapo ya mambo matano: mbari yako, dini yako, uraia wako, maoni yako ya kisiasa, au kuwa kwako katika kundi fulani la kijamii.

Maradhi hayamo. Mtu anaweza kuwa mgonjwa hadi akakaribia kaburi na asiwe mkimbizi kwa mujibu wa mkataba ule, kwa kuwa malaria haimchagui mtu kwa dini yake na kisukari hakiulizi kura ulimpigia nani. Mlango pekee uliobaki kwa mgonjwa wa akili ni ule wa tano, wa kundi la kijamii, nao ni mlango mwembamba: lazima uthibitishe kwamba watu wa namna yako, huko utokako, hutazamwa na jamii kama kundi la peke yao, na kwamba wapo wanaowadhuru kwa sababu ya kuwa katika kundi hilo, na kwamba serikali ama ndiyo inayodhuru ama imeshindwa au imekataa kuwakinga.

Hapo ndipo Kiswahili kilipoanza kunisumbua. Mama alinichezea sauti alizokuwa akitumiana na mwanawe kwa WhatsApp, na katika mojawapo kijana anasema kwa sauti ya chini, ya mtu aliyemeza dawa za kulala, "Mama, mimi nimeteswa sana." Mama anamjibu, "Najua, babangu, umeteswa." Nani amemtesa? Lugha yetu hailazimishi swali hilo. Tunasema anateswa na maradhi, anateswa na mapepo, anateswa na watu, kwa kitenzi kile kile na kiunganishi kile kile, na katika mazungumzo ya kawaida yote matatu huweza kuwa kweli kwa wakati mmoja, wala hakuna anayehisi kwamba amebadilisha mada. Sheria ya ukimbizi inataka la tatu tu. La kwanza ni kazi ya daktari, la pili ni kazi ya shehe au mganga, na afisa anayekuhoji hana fomu kwa ajili yake. Mwombaji anayesema "nimeteswa" na kunyamaza, akidhani amekwisha kueleza, huwa bado hajasema lolote.

Kitenzi cha pili kilikuwa kibaya zaidi. Kwenye mahojiano ya kwanza ya hifadhi nchini Marekani, yale yanayofanyika mbele ya afisa na si mbele ya jaji, kawaida mwombaji huja na mkalimani wake mwenyewe. Kijana wetu hakuwa na fedha za kumlipa mtu wa kazi, akamchukua kijana mwenzake aliyelelewa huko tangu utotoni, mwenye Kiswahili cha kuombea chai. Afisa aliuliza ni madhara gani aliyoyapata Kenya. Akajibu: "Nilifungwa miezi mitatu." Mkalimani akasema alitiwa jela miezi mitatu. Ombi halikukubaliwa, likapelekwa mbele ya jaji wa uhamiaji, ambako mahakama ndiyo inayoleta mkalimani, na huko wakili wa serikali akauliza, kwa haki kabisa, ni gereza gani. Kijana akashangaa. Akasema hajawahi kutiwa gerezani maishani mwake. Ikaandikwa kwamba maelezo yake yanapingana.

Msomaji wa Mombasa amekwisha kuelewa. Tunafunga mlango, tunafunga mzigo, tunafunga ndoa, tunafunga Ramadhani, tunafunga bao, tunamfunga mbuzi, tunamfunga mhalifu. Kijana alifungwa na mamake, kwa mnyororo wa mashua wenye kutu, kwenye nguzo ya banda la nyuma, mguu wa kushoto.

Niliyasoma maandishi ya mahojiano yale yote, kurasa zaidi ya arobaini, na makosa mengine yalikuwa ya namna hiyo hiyo. Alisema alipigwa saa tatu usiku, ikaandikwa saa ya tatu kwa hesabu ya Kizungu, ambayo ni saa tisa ya usiku wa manane kwetu. Alisema nduguye alijaribu kumwokoa, na penginepo amesema hana kaka. Nduguye huyo ni mtoto wa baba mdogo, kama ambavyo kila mmoja wetu angeelewa. Alisema kufungwa kwake kulianza Mfunguo Mosi, yaani mwezi unaofuata Ramadhani, na mkalimani, ambaye nadhani hakuwahi kulisikia neno hilo, akaandikisha kwamba ni mwezi wa kwanza, Januari. Haya ni makosa ya lugha tupu, na mtu mwenye akili timamu angeweza kuyasahihisha palepale. Lakini mwombaji huyu alikuwa anaumwa, anatetemeka kwa dawa, na alipoulizwa, "Je, ni Januari?" aliitika, kwa kuwa alikuwa akiitikia kila kitu.

Hilo ndilo fumbo la kesi hizi. Maradhi yanayokupa sababu ya kuomba hifadhi ndiyo yanayokuharibia ushahidi. Madai ya ukimbizi mara nyingi hayana karatasi. Yana simulizi ya mtu mmoja, na anayeamua hupima simulizi hiyo kwa kutazama kama inalingana na ile ya mwanzo. Watafiti wa Uingereza walichapisha mwaka 2002, katika jarida la madaktari la nchi hiyo, uchunguzi juu ya wakimbizi wa Kosovo na Bosnia ambao tayari walikuwa na ruhusa ya kukaa, kwa hiyo hawakuwa na haja ya kudanganya. Waliwahoji mara mbili juu ya matukio yale yale, na hata hivyo majibu yalitofautiana, hasa katika mambo ya pembeni ya tukio. Na kwa wale wenye kiwewe kikali, kadiri muda baina ya mahojiano ulivyorefuka ndivyo tofauti zilivyoongezeka. Wakati huo huo, mambo ya pembeni ndiyo wanayoyapenda wanaohoji: rangi ya gari, idadi ya askari, siku ya wiki.

Si kwamba wenye sheria hawalijui hili. Kitabu cha mwongozo cha Shirika la Wakimbizi la Umoja wa Mataifa cha mwaka 1979 kina sehemu nzima juu ya waombaji wenye matatizo ya akili, nacho kinashauri kwamba mzigo wa kuthibitisha upunguzwe kwao, na kwamba anayechunguza atafute habari kwa njia nyingine, kwa ndugu na marafiki. Huko Marekani, Baraza la Rufaa za Uhamiaji liliamua mwaka 2011 kwamba jaji akiona dalili kwamba mtu hana uwezo wa kufuatilia kesi yake, lazima alichunguze jambo hilo na aweke kinga zinazofaa. Mwaka 2015, katika shauri la mtu wa Honduras ambaye ushahidi wake ulikuwa umevurugika na aliyekuwa akicheka mahali pasipochekesha, Baraza hilo hilo lilisema kwamba pale maradhi yanapoweza kuwa yameathiri ushahidi, jaji afikirie kukubali kwamba mwombaji anayaamini kwa dhati anayoyasema, hata kama hayasadikiki, kisha atazame kama hofu yake ina msingi kwa mizani ya mambo yalivyo. Kuna hata nafasi katika suala la muda: sheria yao inamtaka mwombaji apeleke ombi ndani ya mwaka mmoja tangu alipoingia nchini, lakini ugonjwa au ulemavu wa akili umetajwa kuwa mojawapo ya sababu zinazoweza kumsamehe aliyechelewa. Kijana wetu alichelewa kwa sababu mwaka ule wa kwanza maradhi yalimrudia, akakaa miezi kadhaa katika chumba cha chini cha nyumba ya dadake huku madirisha ameyaziba kwa magazeti.

Yote hayo ni mazuri, ila yanahitaji wakili, na serikali ya Marekani haimlipii mtu wakili katika kesi ya uhamiaji. Mwaka 2013 jaji wa mahakama ya shirikisho huko California aliamuru kwamba walio kizuizini na wasio na uwezo wa akili wa kujitetea wapewe mtu wa kuwawakilisha, lakini amri hiyo ilihusu majimbo matatu, California, Arizona na Washington. Maryland haimo. Wakili wa kijana alipatikana kwa kujitolea, na ni yeye aliyeniandikia barua pepe kunieleza kesi ambayo imebadilisha jinsi ninavyolisikia neno moja la Kiswahili.

Kesi yenyewe iliamuliwa Januari 2014 na Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Nne, ambayo makao yake ni Richmond katika jimbo la Virginia, na maamuzi yake yanawabana majaji wa uhamiaji wa Maryland pia. Mwombaji alikuwa Mtanzania mwenye baipola kali, yule mtu ambaye siku moja yuko juu ya paa la dunia na siku nyingine hawezi kuinuka kitandani. Kumbukumbu za kesi zinasema kwamba alipokuwa kwao alifungwa na kupigwa na wauguzi hospitalini, kisha akapigwa na askari wa gereza, na kwamba walikuwa wakimwita mwenda wazimu. Neno hilo limo katika hukumu, kwa Kiswahili, na karibu yake imeandikwa tafsiri yenye maana ya aliyepagawa na shetani.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilitaka kucheka. Mtoto anayerukaruka juu ya ukuta huambiwa "una wazimu wewe?" na hakuna anayemtuhumu kuwa na shetani. Anayenunua samaki kwa bei ya juu huambiwa ana wazimu. Kisha nikalishika neno nikaligeuza, kama inavyonipasa kwa kazi yangu, nikaona kwamba ndugu zake ni mzimu, mizimu na kuzimu. Sisi wenyewe tulilijenga neno la ugonjwa juu ya shina la wafu na roho zao, tukasahau, halafu tunamchukua mgonjwa kwenda kupungwa pepo au kusomewa kabla hata ya kufikiria hospitali. Tafsiri ile haina adabu kwa Kiswahili cha kila siku, lakini sithubutu kusema kwamba ni ya uongo.

Lililonivutia zaidi ni hoja ya majaji. Baraza la Rufaa lilikuwa limemkatalia mtu yule kwa kusema kwamba kundi alilolitaja, yaani watu wenye baipola ambao tabia zao zinaonekana wazi kuwa si za kawaida, halina mipaka inayoeleweka wala halionekani katika jamii. Mahakama ikasema Baraza lilikosea kuchukua neno moja moja na kulipima peke yake, ilhali maneno yote pamoja yanaweka mpaka: baipola ni ugonjwa unaojulikana na madaktari, wa kudumu, na tabia inayoonekana ndiyo inayomtenga mgonjwa na wengine. Na kuhusu kuonekana katika jamii, jina lenyewe lilikuwa ushahidi. Jamii isiyoliona kundi haiwezi kulipa jina. Kwa maneno mengine, tusi la mtaani lilimsaidia mwombaji.

Sitaki mtu asome hapa akadhani kwamba mlango umefunguliwa. Mwaka 2013 mahakama nyingine ya rufaa, ya Mzunguko wa Tisa, ilimkatalia Mmexico aliyetaja kundi la wagonjwa wa kisukari wanaotegemea insulini pamoja na wenye matatizo ya akili, kwa kuwa kundi ni pana mno, na kwa kuwa uhaba wa matibabu nchini mwake haukuwa njama ya kumdhuru. Huko Ulaya, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Strasbourg ilikataa mwaka 2001 ombi la Mwaljeria mwenye skizofrenia aliyepinga kurudishwa kwao kutoka Uingereza. Nami, kusema kweli, naielewa mantiki hiyo hata inaponiuma. Hospitali isiyo na dawa si adui. Ni umaskini, na umaskini hauna nia. Hospitali ya Port Reitz ndiyo yenye wodi ya wagonjwa wa akili hapa Mombasa, na mama yule alinieleza jinsi alivyokuwa akienda huko kuchukua dawa, pengine akizipata na pengine akiambiwa akanunue dukani. Nilipofika hapo wakili aliniandikia: "Hiyo tuipitie haraka." Alikuwa na haki.

Basi tukabaki na usiku mmoja. Ilikuwa mwaka 2020, Ramadhani ya korona, wakati wa kafyu iliyoanza saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri na misikiti imefungwa. Kijana, ambaye alikuwa hajalala kwa siku tano, alitoka saa tatu usiku akiwa na shuka tu, akawa anagonga milango ya mtaa mmoja baada ya mwingine, akiwaambia watu kwamba maji ya mifereji yametiwa sumu. Mtu mmoja akapiga kelele za mwizi. Vijana wakatoka. Mama aliwafikia wakiwa wamekwisha kumwangusha, na alisikia kwa masikio yake mmoja wao, ambaye alikuwa anamjua tangu anatambaa, akisema: "Huyu si mwizi, ni yule mwenda wazimu. Mpigeni hayo mashetani yamtoke." Wakaendelea. Dakika chache baadaye likaja gari la askari wa doria, watu wakakimbia, na mama akashukuru Mungu, akidhani wokovu umefika. Akawaeleza askari kwamba mwanawe ni mgonjwa. Mmoja akamjibu, "Hata chizi anajua kafyu," akainua rungu.

Sentensi ya kwanza wakili aliipenda mno. Tangu mwaka 2005 sheria ya Marekani inamtaka mwombaji athibitishe kwamba msingi anaoutaja ulikuwa angalau sababu moja kuu ya kudhuriwa kwake, na ni nadra kupata maneno ya mpigaji yanayosema wazi kwamba anajua si mwizi na anampiga kwa uwazimu wake. Sentensi ya pili hakuipenda, kwa sababu inaweza kusomwa kwamba askari alimpiga kwa kuvunja kafyu, na kila mtu anajua kwamba mwaka ule askari wetu waliwapiga watu wengi wenye akili zao timamu. Aliniuliza kwa upole kama mama ana uhakika na maneno yale. Nikamuuliza mama. Akasema, "Nina uhakika nayo kuliko jina langu." Yakabaki.

Nilikaza juu ya hilo kwa sababu nyingine pia. Tunawajua mawakala, wapo katika mji huu kama walivyo kwingine, wanaowauzia vijana hadithi za kuombea hifadhi kama wanavyowauzia tiketi: huyu awe shoga, huyu awe wa chama fulani, na siku hizi nasikia, huyu awe mgonjwa wa akili, ajifunze kukodoa macho na kunyamaza. Mmoja aliwahi kunipandia ngazi zangu akitaka nimtafsirie barua ya daktari ambayo haikuwahi kuandikwa na daktari. Nilimfukuza, lakini nilikaa siku nzima na hasira, kwa kuwa kila hadithi ya kununua inayogundulika huongeza shaka katika macho ya afisa atakayemsikiliza mtu kama mtoto wa Kisauni. Sentensi ya askari, isiyowasaidia, ndiyo iliyonifanya mimi niamini kwamba mama hajafundishwa.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuna karatasi yake. Kabla ya usiku ule kijana alikuwa amejaribu kuutoa uhai wake, na familia ilimtibu nyumbani, ikaficha. Wakili aliuliza kwa nini hawakumpeleka hospitali, ambako pangekuwa na rekodi. Nikamweleza kwamba kifungu cha 226 cha sheria yetu ya makosa ya jinai kilifanya jaribio hilo kuwa kosa la kufungwa, na kwamba ni Januari 2025 tu ndipo Mahakama Kuu ya Nairobi ilipotamka kwamba kifungu hicho kinapingana na Katiba. Mama alimficha mwanawe asiende kortini, na sasa kukosekana kwa ile rekodi kunamfanya aonekane hana ushahidi katika korti nyingine. Wakili akasema vilevile kwamba huenda upande wa serikali ukaishika hukumu hiyo ya Januari kuonyesha kwamba Kenya imebadilika. Huenda. Mahakama imebadilika, mtaa ule nilipitia juzi, na yule kijana aliyesema mashetani yatoke anauza mitumba kwenye kona, ananawiri.

Na ndipo tukafika kwenye mnyororo, ambao wakili alikuwa anauogopa tangu mwanzo, kwa kuwa akiutaja, jaji atauliza kama mtesaji ni mama, na asipoutaja, maneno "nilifungwa miezi mitatu" yatabaki kuwa uongo. Mama aliufungua ule mkoba wake akatoa kufuli lenyewe, limefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na ufunguo wake. Alilileta kama kidhibiti. Alieleza kwamba baada ya usiku ule kijana alikuwa bado anatoroka, na doria zilikuwa zinapita kila usiku, na kwamba banda la nyuma halionekani barabarani. Alimwekea godoro. Aliikata kanga yake ya zamani akamzungushia kifundoni ili chuma kisimchubue, na kilimchubua vilevile. Alikuwa anakaa naye kuanzia saa moja jioni mpaka adhana ya alfajiri, wanasikia gari la askari likija na kuondoka. Alimfunga Mfunguo Mosi, akamfungua mwanzo wa Mfunguo Nne. Nilihesabu kwa kalenda, ni mwisho wa Mei hadi Agosti, miezi mitatu kamili kama kijana alivyosema.

"Nilimfunga kumhifadhi," alisema.

Nilisimamisha vidole juu ya kibodi. Kiingereza kina neno moja kwa hifadhi ya kisheria na maneno mengine kwa kumlinda mtu na madhara, na hakuna hata moja ambalo lingembebea jaji kile nilichokisikia. Niliandika kwamba alimfungia mnyororo ili kumkinga, kisha nikaongeza tanbihi, jambo ambalo silifanyi mara nyingi, kueleza kwamba kitenzi alichokitumia mama ndicho hicho hicho kinachotumika kwa Kiswahili kumaanisha hifadhi ambayo mwanawe anaiomba. Wakili aliiacha tanbihi ile mahali pake.

Kabla ya kuapa, ni lazima mwenye maelezo asomewe yote kwa lugha yake. Nilianza kumsomea mama kutoka juu, polepole, naye akawa anaitika kwa kichwa. Nilipofika kwenye banda nilisoma kama nilivyoandika mara ya kwanza kutokana na ile sauti ya WhatsApp: "Tulimfunga." Akaninyooshea mkono ninyamaze.

"Hapo futa, mwanangu. Babake alikuwa baharini, na dadake alikwisha kwenda zake Marekani. Andika nilimfunga."

Nikamweleza kwamba wakili anaona wingi ni bora, kwamba itasomeka kuwa ni familia, si yeye peke yake.

"Watamuuliza yeye," akasema, "naye atawaambia ni mama. Zisipolingana tena je?"

Nikafuta silabi ile kwa kalamu, nikaandika nyingine juu yake, sote wawili tukatia saini pembeni ya masahihisho, tukateremka ngazi kwenda kwa kamishna wa viapo.